Mtaro wa Wilf

Nuru ya Januari ilifika uani kwa Hilda Hepple ikiwa imechelewa na imepauka, na haikuona haya. Iligusa jalidi juu ya ukuta wa matofali, ikagusa jalidi juu ya kamba ya kuanikia nguo, ikagusa barafu ndani ya ndoo iliyosahauliwa nje, na kote ilikopita haikuyeyusha kitu. Hilda aliitazama kutoka dirisha la jikoni, kikombe cha chai mkononi, akasonya.

Jua gani hili. Jua la kuingia kazini saa nne na kutoka saa tisa, halafu linataka lishukuriwe. Kijiji hiki kilikuwa cha wachimba makaa ya mawe. Wanaume walishuka shimoni kabla ya kupambazuka mpaka siku shimo lenyewe lilipofungwa, na jua la namna hii lingefukuzwa kazi wiki ya kwanza.

Aliudharau upepo, uliotoka bahari ya kaskazini ukapanda kilima bila kualikwa na kuingia chini ya mlango. Aliidharau theluji, ishukayo kwa majivuno, nyeupe, kimya, ikisubiri kusifiwa, na baada ya siku mbili ni tope la kijivu linaloganda kwenye viatu vya watu. Aliidharau ile mvua isiyojijua kama ni mvua au ni barafu. Njoo basi, majira ya baridi, njoo na kila ulicho nacho, alisema moyoni, nimeolewa na mkulima wa liki miaka arobaini, utanifanya nini wewe?

Maana dharau yake iliyonona, aliyoilisha vizuri na kuitunza, ilikuwa ya liki.

Liki! Kitunguu kilichoshindwa hata kuwa na kichwa. Na katika safu hizi za nyumba liki haikupandwa ili iliwe. Ilipandwa ili inenepe. Ilifunikwa isipigwe na upepo, ilinyweshwa bia, ilinong'onezewa, ilipimwa kiuno kwa kamba kila Jumapili, na Septemba ikapelekwa mashindanoni, klabuni kwa wakulima, imepanguswa kwa maziwa, ikalazwa mezani mbele ya waamuzi waliovaa tai. Mwezi wa Agosti wote Wilf alilala kibandani, rungu ubavuni, akizilinda liki zake zisije zikakatwa na wapinzani. Mkewe alilala ndani peke yake, na hakuna aliyemlinda.

Uani hapakuwa na bustani. Palikuwa na mtaro. Ulianzia mlango wa jikoni ukaishia kichochoro cha nyuma, mrefu, mweusi, umejazwa udongo ambao Wilf aliupika mwaka hata mwaka. Mwaka wa kwanza wa ndoa Hilda aliomba waridi moja tu, pale ukutani. Wilf akasema mizizi yake itakunywa chakula cha liki. Mwaka wa pili akaomba benchi. Wilf akasema benchi litatia kivuli. Mwaka wa tatu hakuomba, akaanza kudharau, na katika dharau alikuwa na kipaji.

Kisha Oktoba Wilf akafa, wiki chache baada ya kushika nafasi ya tatu, jambo ambalo daktari hakuliandika kwenye sababu za kifo.

Alimlilia. Tuseme wazi, kwa sababu mtu akidharau sana watu hudhani halii. Alimlilia Wilf mpaka macho yakavimba, maana alikuwa mtu mpole, mpole kuliko wanaume wote wa safu ile, na upole wake ulimwishia katika jambo moja tu. Na wanaume wa klabu walikuja mazishini na maboksi matupu kwenye magari. Walipomaliza kula mkate wa nyama na keki walizunguka nyuma ya nyumba, wakaing'oa miche yote ya Wilf, wakaufunika mtaro, wakaibeba miche kama wanabeba watoto wachanga. Mmoja alitokwa na machozi, na Hilda akaona vizuri kwamba machozi yale yaliangukia miche.

Basi akabaki na jalidi na uwanja. Na kila asubuhi, nuru ile ya uvivu ilipofika, Hilda alivaa mabuti ya marehemu na soksi mbili, akatoka kupanga bustani yake.

Aliipanga kwa kamba ya nguo. Aliifungua kutoka nguzoni, akailaza juu ya theluji, akaivuta hivi, akaivuta vile: hapa njia, ipinde kidogo, kwa nini njia iende moja kwa moja kama ya kwenda shimoni? Hapa mawaridi, manne, ya kutambaa ukutani. Hapa msonobari mdogo, pawe na kitu cha kijani cha kukitazama miezi kama hii. Na hapa, mahali ambapo jua la Juni hukaa mpaka jioni, benchi. Benchi la mtu mmoja. Alilipima kwa makalio yake mwenyewe kwenye theluji, akasimama akajipangusa, akaridhika.

La mtu mmoja, kwa kuwa hakuwa na wa kumkaribisha. Watoto hawakujaliwa. Dada yake Connie, mkubwa wake, aliishi nyumba ya mwisho ya safu hiyohiyo, na moshi wa dohani yake Hilda aliuona kila siku akisimama uani. Lakini Connie alikuwa mwizi, na miaka ishirini na zaidi hawakuwa wamesemezana. Kila moshi ule ulipopanda, Hilda aliusonya pia.

Alhamisi akaja Norman Stobbs, mwenyekiti wa klabu, kofia mkononi, pua nyekundu kwa baridi.

"Hujambo, shemeji."

"Funga mlango, Norman. Moto wangu si wa kijiji kizima."

Norman akafunga. Akaanza kuizungusha kofia. "Tulikaa kikao jana, shemeji. Juu ya udongo."

"Udongo gani?"

"Wa marehemu. Wa mtaroni. Miaka arobaini ule, shemeji! Samadi ya kondoo, damu ya machinjioni, masizi, bia, na mengine aliyokuwa anatia usiku tusiyoyajua. Kutoka hapa mpaka mtoni huupati udongo kama ule. Kwa hiyo tumeona kila mwanachama achukue toroli moja. Iwe kumbukumbu yake."

"Mmeona."

"Tumeona, ndiyo. Jumamosi asubuhi. Na wewe hatukukusahau! Tutakumwagia kokoto, uwanja wako uwe safi. Wewe hutahitaji kufanya lolote."

"Hapana," akasema Hilda.

Norman aliisikia hapana ile kama wanaume wa klabu wanavyosikia hapana ya mjane, kikohozi kidogo tu kitakachopita. Akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Ni majonzi hayo, shemeji. Jumamosi basi." Akaenda zake.

Kokoto! Hilda aligeuka dirishani, akautazama mtaro. Alijua kilichokuwa chini ya mtaro ule: udongo wa mfinyanzi wa manjano na mabaki ya shimo la makaa, mawe meusi yasiyoota hata magugu. Wakiuchukua udongo wa Wilf, hakuna waridi, hakuna msonobari, hakuna bustani, si mwaka huu na si miaka yote aliyobakiza, nayo haikuwa mingi. Angekaa kwenye benchi lake akitazama kokoto mpaka afe. Hata maiti alikuwa na ardhi yenye rutuba kuliko hiyo.

Akapata wazo, na lilikuwa wazo la mtu mwenye dharau. Angeufukua mtaro mwenyewe, kabla ya Jumamosi, aumwage uani kote, auchanganye na mfinyanzi na mawe mpaka pasiwepo mwanamume wa klabu ambaye angeutia kwenye toroli lake. Sisi tungemwita mwendawazimu. Mwanamke wa miaka sitini na minane, Januari, ardhi imekuwa chuma. Lakini yeye alikuwa anawajua watu wa liki na desturi zao. Mtaro wa liki hauachwi uchi kipupwe. Unafunikwa zulia.

Ijumaa, nuru ilipofika, ilimkuta tayari yuko nje.

Zulia lilikuwa lake. Lile jekundu la ngazi. Siku moja alimwambia Wilf limechakaa, wanunue jingine, na Wilf akakubali haraka mno, akalikunja lote akatoka nalo mbio. Miaka miwili walipanda ngazi za mbao tupu, kwa kelele, liki zikijifunika zulia. Hilda alilishika pembe, likalia kwa barafu, likabanduka. Na chini yake, ee, chini yake udongo ulikuwa mweusi na laini na una joto, ukapumua mvuke usoni pake. Kila kitu duniani kilikuwa kimeganda isipokuwa kitanda cha liki.

"Walaaniwe," akasema Hilda, akakita koleo.

Alichimba kwa mdundo. Koleo kwa koleo, neno kwa neno. Hili la Agosti zako kibandani. Hili la kamba ya kupima viuno. Hili la waridi langu moja. Hili la benchi. Udongo ukaruka ukaanguka juu ya theluji, mweusi juu ya nyeupe, na yeye akatoa jasho ndani ya koti lake, na pumzi yake ikapanda, na nuru ile nyonge ikawa inamtazama tu bila kumsaidia. Mifupa ya kondoo ikatoka. Soli ya kiatu ikatoka. Mabonge ya kitu kilichokuwa godoro yakatoka, akayasonya, akayatupa.

Kisha kikatoka kitu kidogo cha mviringo. Akakipangusa kwa kidole gumba.

Kifungo. Kikubwa, cha kioo cheusi.

Akapiga magoti. Akapekua kwa mikono, glavu akazitupa. Cha pili. Cha tatu. Cha nne. Na cha tano hakikuwa cha kioo, kilikuwa cha mbao, na juu yake kuna mkwaruzo wa sindano, kwa sababu alikishona mwenyewe, akiwa kijana, siku kile cha asili kilipokatika kwenye basi la kwenda mji wa Durham.

Lilikuwa koti la kijani. Sufu nzito, limekatwa vizuri kiunoni. Alilinunua kwa mshahara wake wa kiwanda cha biskuti kabla ya kuolewa, na hakuna kitu alichokipenda hivyo tangu hapo. Connie aliliomba aliazime, la kuvaa kwenye harusi ya mwanawe. Hilda akakataa, koti lina kiuno, Connie hana. Baada ya miezi akafungua kabati, koti halipo. Alimuuliza Wilf. Wilf akainama kufunga kamba za viatu, akasema hajui. Basi Hilda akaenda mpaka kwenye foleni ya mkate, na mbele ya wanawake wote wa safu tatu akamwita dada yake mwizi. Connie alimtazama tu. Hakujitetea, hakupaza sauti, akanunua mkate wake akaenda. Na Hilda akasema: mnaona? Asiye na hatia angenyamaza?

Mwaka ule Wilf alichukua kombe. Kila mkulima wa liki anajua sufu inaoza polepole, inailisha liki kiangazi kizima. Labda aliona nondo wametoboa kola. Labda alifikiri koti la zamani ni koti la zamani. Kosa hilo mwanamume mwingine yeyote duniani hawezi kulifanya, kujitukuza klabuni kwa liki zilizonenepeshwa na koti la mkewe. Na kombe lilikaa juu ya meko, na Hilda alilisugua kila Ijumaa.

Alitaka kusonya. Midomo ikakataa.

Alikaa ndani ya mtaro, vifungo vitano kiganjani, akatafuta wa kumdharau. Upepo ulipita, hakuuona. Theluji ilianza tena, nyepesi, ikamtua mabegani, hakuipangusa. Alimtafuta Wilf, na kulikuwa na hasira ya kumtosha Wilf, lakini Wilf alikuwa amezikwa chini zaidi kuliko koti. Aliyebaki alikuwa mtu mmoja, naye alikuwa amepiga magoti topeni. Kilichomuuma hakikuwa koti tena. Kilichomuuma ni foleni ile, na wanawake wale, na uso wa Connie.

Akatoka kama alivyo. Mabuti, tope, nywele zimefumuka. Akapita mlango kwa mlango mpaka nyumba ya mwisho, na kila pazia la safu ile likatikisika.

Connie alifungua. Alikuwa amezeeka kwa karibu kuliko alivyozeeka kwa mbali. Hilda akafungua kiganja.

Connie akavitazama vifungo. Hakushtuka.

"Vimekuchukua muda," akasema.

"Ulikuwa unajua?"

"Wilf alikuja kuniambia. Mwaka uleule, kombe kwapani, amelewa. Alilia hapohapo uliposimama wewe. Akasema atakueleza, akaogopa. Nikamwambia, nyamaza, usimweleze."

"Kwa nini, dada?" Neno lile lilimtoka lenyewe, hakuwa amelitumia miaka mingi.

"Kwa sababu mtoto niliyemwogesha mimi, nikamsuka mimi, nikampeleka shule mimi, alisimama mbele ya watu akaniita mwizi kwa ajili ya koti. Huyo wa kuambiwa na mumewe? Huyo aje mwenyewe."

"Miaka yote hii, Connie!"

"Ulikuwa unapita hapa kila siku. Mlango huu haukuhama."

Hilda alikuwa na maneno mengi ya kila aina, lakini yote yalikuwa ya kudharau, na hakuna hata moja lililofaa. Alitafuta mpaka akapata moja ambalo hakuwa amelitumia kwa mtu yeyote maishani, likatoka dogo na bila mapambo.

"Nilikosea."

Connie akasonya. Sonyo refu, la pembeni ya mdomo, sonyo la mama yao marehemu kabisa, na Hilda alipolisikia alijua alikolitoa lake.

"Nenda ukanawe," akasema Connie. "Unaniletea tope mlangoni." Akafunga.

Hakulala vizuri. Kulipokucha mtaro ulikuwa umefukuliwa nusu tu, na hakuwa na nguvu za kuumaliza, wala hamu. Akanywa chai amesimama. Akawasikia kabla ya kuwaona: magurudumu ya matoroli yakija kichochoroni juu ya barafu, kwa kelele, kwa furaha, kama wanakwenda harusini.

Norman akaliona shimo, akakishika kichwa. "Shemeji! Umefanya nini? Umeuchanganya!"

"Nusu tu. Ile nusu nyingine haijaguswa. Lete toroli."

Nyuso zikachangamka. Norman akasogeza lake, jipya, limepakwa rangi. Hilda akamwonyesha mahali hasa, pale vifungo vilipokuwa, na wanaume wakajaza kwa makoleo yao bila kumwaga punje, wakinong'ona kama wako kanisani. Udongo ulipanda mpaka juu, mweusi, unafuka mvuke.

"Haya, sukuma," akasema Hilda.

"Naupeleka kwangu mara moja..."

"Unaupeleka kwa Connie."

"Connie?" Norman akawatazama wenzake. "Connie hapandi liki, shemeji. Ana uwanja wa zege na chungu kimoja cha maua!"

"Norman. Umekunywa chai yangu miaka arobaini na mume wangu amekuachia kombe mara tatu. Sukuma."

Akasukuma. Wengine wakabaki na matoroli matupu, wakaona haya kubaki, wakafuata. Hilda alitangulia. Safu nzima ilitoka milangoni, na nuru ile iliyochelewa ikafika palepale, ikagusa jalidi kwenye vizingiti, ikagusa mkono wa toroli, ikagusa udongo. Na mvuke wa udongo ukang'aa, ukapanda mweupe hewani, na kwa mara ya kwanza tangu Oktoba Hilda hakuwa na neno baya la kuiambia.

Connie alikuwa kizingitini, mikono kifuani.

"Nini hiki?"

"Koti," akasema Hilda. "Uliomba kuliazima."

Hakuna aliyecheka. Norman alitweta, mikono kwenye toroli. Connie akashuka ngazi polepole, akachukua bonge moja, akalivunja kiganjani, akalipeleka puani akalinusa. Machozi yakamtoka, akayapangusa kwa mkono uleule, tope likambaki shavuni, na hakulijali.

Kisha akalitazama toroli kutoka mwanzo mpaka mwisho, kwa dharau.

"Linanibana," akasema. "Leteni jingine."